Geti Katika Wimbo wa Nne

Ngo. Ngo. Ngo-ngo. Kimya. Ngo.

Ukivaa hedifoni utalisikia kabla hujasikia neno langu hata moja: chuma kinagongwa na kitu kigumu, kinatulia kama mtu aliyetega sikio, halafu kinagongwa tena. Huo ni wimbo wa nne katika albamu yetu. Jina lake ni "Mji wa Mnong'ono", lakini hakuna anayeuita hivyo. Hapa Kigali, kuanzia Kabeza mpaka Kicukiro, unaitwa Wimbo wa Geti, na ukimwuliza kijana yeyote maneno yake yanasemaje, atakunja ngumi na kugonga hewa.

Maneno niliyaandika mimi, Gakwaya. Ushairi sikufundishwa na mtu. Shuleni walinifundisha uhasibu. Mizani nilijihesabia kwa vidole, na vina nilivitafuta mwenyewe nikitembea kando ya barabara ya uwanja wa ndege, nikisema peke yangu mpaka wauza vocha wakanizoea. Naandika Kiswahili kwa sababu mama yangu alilelewa Karagwe, na kwa sababu nataka nisikike Goma, Bujumbura na Bukoba siku moja. Sasa soma ubeti wa kwanza, halafu uniambie kama unastahili kufunikwa na mlio wa geti:

*Radi hapa kunguruma, yaomba kwanza kibali,*
*Mvua nayo yainama, bati halina kauli,*
*Jogoo jana kasema, leo yuko kwa wakili,*
*Na sisi twasema: vuma! Tumechoka na ukali.*

Umewahi kukutana na jogoo aliyepelekwa kwa wakili? Basi.

Wimbo ule ulizaliwa kwa hasira. Tuko watatu, bendi ya roki. Armel anapiga gitaa na ana nywele ndefu ambazo shangazi yake, mwenye nyumba tunamofanyia mazoezi, hajaziona kwa sababu anaishi Ubelgiji. Kellen anapiga ngoma. Alikulia Mbarara, na mikono yake ina nguvu kuliko yetu sote tukijumlishwa. Mimi naimba na kupiga besi. Nyumba iko Kabeza. Ndege za uwanja wa Kanombe zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinatikisika kabatini, na sijasikia mtu hata mmoja aliyeishitaki ndege kwa mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu. Sisi tulishitakiwa mara mbili.

Mkuu wa mudugudu, Jean-Bosco, ni mtu mpole. Alikuja akasimama getini, akavua kofia na kusema kwamba jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, Mama Winifred Mukagasana, anaomba tupunguze. Mama Winifred ni mstaafu wa forodha. Amekaa miaka mingi mpakani Rusumo akiwafungulisha madereva wa malori mizigo yao, na bado anatembea kama mtu ambaye wengine hawapiti mpaka yeye aseme wapite. Jean-Bosco alipokuja mara ya pili, sikulala mpaka nilipomaliza "Mji wa Mnong'ono". Ubeti wa pili ulikuwa wa Mama Winifred. Mshororo uliobeba ubeti wote ulikuwa huu:

*Jirani kama mnyama, sikio lake ni kali.*

Najua. Ni mkali. Ushairi si uji wa mgonjwa.

Siku ya kurekodi tuliziba madirisha kwa magodoro, tukaweka kipaza sauti katikati ya sebule, tukaanza. Tulikuwa kwenye mapigo ya mwanzo ya wimbo wa nne, kabla ya neno la kwanza, tuliposikia geti linagongwa. Si kwa kidole wala kwa kofuli, kwa jiwe. Kellen akanitazama. Mimi nikamtazama Armel. Armel akainua kidevu, maana yake: twende. Tukapiga mara mbili ya ukali wa mwanzo. Geti likazidi, nasi tukazidi. Niliimba siku ile kama mtu anayefukuzwa nyumbani kwao. Tulipomaliza, tukatoka kifua mbele kwenda kupokea matusi, tukafungua geti, na hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mvua tu, mvua kubwa iliyotukuta magodoro yakiwa masikioni. Nguo zetu zote zilikuwa kambani, zimelowa chapachapa, pamoja na suruali yangu ya pekee ya jukwaani.

"Hata Mungu iko upande wa yule mama," Kellen alisema.

Niliposikiliza rekodi, nilisema geti litolewe. Kellen akasema ukilitoa umetoa moyo. Armel akasema mimi nina wivu na bati. Tukapiga kura, nikashindwa, na albamu ikatoka. Ndani ya mwezi vijana walikuwa wanarekodi video wakigonga mageti ya watu na kukimbia.

Halafu Armel akaenda redioni. Mtangazaji alimwuliza mlio ule ni wa nini. Angeweza kusema sijui. Angeweza kusema ni ajali. Armel akashusha sauti, akasema: "Ile ni sauti ya mji usiotaka kuwasikia vijana wake. Ni jirani aliyekuja kutuzima." Mtangazaji nusura alie. Mimi nilikuwa nasikiliza kwa kinyozi, na hasira yangu haikuwa juu ya uongo, maana nilidhani ni kweli. Hasira yangu ilikuwa kwamba dakika ishirini zilipita na hakuna aliyetaja ubeti.

Ndipo akaja Kenny. Kenny ana ukumbi Kicukiro na anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alitaka tupige albamu nzima mbele ya watu, Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni, na tumalize kabla ya saa mbili kwa sababu kibali kinasema hivyo.

"Na geti muje nalo," alisema.

"Tutakuja na wimbo," nilimwambia. "Geti ni pambo."

"Sha, watu hawalipi kiingilio kusikiliza mashairi. Bila geti, wimbo wa nne utoke. Na wimbo wa nne ukitoka, mimi sina onyesho."

Kwangu mimi, onyesho lile ndilo lilikuwa kila kitu. Katika albamu maneno yangu yalizama. Mbele ya watu, nikiwa nimesimama na kipaza sauti kizuri, wangenisikia. Nilitaka mara moja tu maishani ukumbi mzima unyamaze na kusikia ninachosema. Kwa hiyo nikakubali: geti liwepo, mradi wimbo uwepo.

Tulijaribu kila njia. Tulipiga karatasi ya bati. Tulipiga sufuria. Tulipiga mlio wenyewe kutoka kwenye kompyuta, na hapo Kellen akatupa vijiti vyake chini.

"Haiwezekani," alisema. "Huyu mama hapigi kwa hesabu. Anagonga, ananyamaza kusikiliza kama kuna mtu anakuja, halafu anagonga tena. Kompyuta haisubiri mtu. Na mimi siwezi kuigiza mtu anayesubiri kufunguliwa. Mleteni mwenyewe."

"Nani akamlete?" Armel aliuliza huku akifunga nywele zake. "Mimi nilishamsema redioni."

Wakanitazama mimi. Karagwe, wakasema. Yeye naye alikulia huko, mna Kiswahili kimoja.

Nilivuka barabara siku ya pili baada ya chakula cha mchana. Niligonga geti lake kwa kucha ya kidole kimoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia viatu. "Kumbe mnajua kugonga."

Aliniingiza barazani, akakaa na kuendelea kuchambua maharage kwenye ungo bila kuyatazama. "Wewe ni yule anayepiga ngoma au yule mwenye nywele?"

"Mimi ndiye ninayeandika maneno."

"Kuna maneno?"

Nikamwambia habari ya ukumbi, Jumamosi, geti, na kwamba hakuna mkono mwingine Kigali unaoweza kugonga kama wake. Nilitumia lugha nzuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza madereva wa malori.

"Siku ile," alisema, "mnadhani nilikuja kufanya nini?"

"Kutugombeza, mama."

"Niliiona mvua inakuja kutoka upande wa Masoro, nyeupe kama pazia. Nguo zenu zilikuwa kambani, zimekauka vizuri. Nikasema hawa watoto hawana mama hapa. Nikachukua jiwe. Nikagonga, nikasikiliza. Nikagonga, nikasikiliza. Kadiri ninavyogonga, ndivyo mnavyozidi kupiga. Nikalowa mimi, zikalowa nguo, nikarudi nyumbani. Mkono uliniuma."

Wimbo wetu wa hasira, ule mlio wa mji unaowakandamiza vijana, ulikuwa jirani anayesema anueni nguo.

"Halafu yule mwenye nywele akaniweka redioni," aliendelea. "Sasa nikiingia kanisani kwenye kikundi cha akina mama, yule Ikirezi anagonga benchi: ngo, ngo, ngo. Wote wanacheka. Wananiita Mama Geti. Nimekaa Rusumo na madereva wa nchi tano wenye midomo michafu, hakuna hata mmoja aliyethubutu kunipa jina. Ninyi mmenipa."

"Tulikosea, mama."

"Hilo naliona. Sasa sikiliza. Nitakuja. Lakini kabla sijagonga, ukweli usemwe mbele ya watu wote. Na useme wewe, siyo mwenye nywele. Yeye ataupaka mafuta. Na akina mama wa kikundi wakae mbele kabisa, wausikie."

"Nakubali."

"Na hayo maneno unayosema yapo, niyasikie. Sigongi kitu nisichokijua. Kila mzigo unafunguliwa."

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Nilisimama barazani, bila ngoma, bila gitaa, nikausema ubeti wa kwanza. Mikono yake ikaacha maharage. Nilipofika kwa jogoo, alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Huyu jogoo nampenda," alisema. "Kwa wakili! Yewe! Huyu ni jogoo wa Kigali kabisa. Endelea."

Sijawahi kupewa shahada na chuo chochote. Nadhani inafanana na vile. Mtu wa kwanza duniani kuyasikia maneno yangu yote alikuwa ameketi mbele yangu, na ubeti uliofuata ulikuwa unamwita mnyama.

Nikasema mishororo mitatu, nikaruka mmoja, nikainamisha kichwa kama mtu aliyemaliza.

"Ule wa kwanza ulikuwa na mistari minne," alisema. "Huu una mitatu."

"Wa nne ni gitaa tu, mama."

"Ah," alisema. "Gitaa." Akarudi kwenye maharage.

Jioni ile Kellen aliniambia nibadilishe mshororo. Alisema kwa upole, jambo ambalo halimfai.

"Siubadilishi," nilimwambia. "Ule ndio mzuri kuliko yote. Niukate kwa sababu ya mtu wa kugonga bati?"

"Ni mama wa watu, Gakwaya. Amekubali kuja."

"Hatausikia. Pale ngoma zako na gitaa la Armel vinalia vyote pamoja. Nani amewahi kusikia neno langu hata moja pale?"

"Miezi yote unalia kwamba hawakusikii," Kellen alisema. "Leo unashukuru. Wewe iko na kiburi, sha, lakini kiburi chako hakina hata msimamo."

Yeye ndiye aliyepanga wimbo upya kwa ajili ya jukwaa. Akasema: Mama Winifred anapogonga, sote tunapiga. Anaponyamaza kusikiliza, sote tunanyamaza papo hapo, hata kama ni katikati ya kipande. Hapo ndipo watu watashika pumzi. Tulifanya mazoezi naye mara kadhaa, mchana, na majirani hawakushitaki kwa sababu mshitaki alikuwa kwetu. Alikuwa mtiifu kama saa ya ukutani. Kimya chake kiliangukia kwenye kipande cha gitaa kila mara, kamwe si kwenye maneno. Na ubeti wa pili katika mazoezi niliuimba kwa la-la-la, nikisema natunza sauti.

Geti tuling'oa la kwetu wenyewe. Lilisafirishwa kwa pikapu, likasimamishwa katikati ya jukwaa kwa vyuma na kufungwa kwa waya. Jean-Bosco alipopita na kuona nyumba yetu iko wazi kama mdomo wa kibogoyo, akauliza geti liko wapi.

"Limekwenda kazini," Armel alimjibu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Vijana walikuwa wamesimama mpaka kwenye ngazi, wamevaa nyeusi, wengine wamekuja na mawe yao mkononi. Kenny akayakusanya mlangoni kwenye ndoo. Mbele kabisa, kwenye viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe, walikaa akina mama wa kikundi, wamevaa mishanana ya hariri iliyofungwa begani, kama watu waliokuja kutoa mahari. Ikirezi alikuwa amebeba mkoba juu ya mapaja na uso wa mtu anayesubiri kucheka.

Nyimbo tatu za kwanza zilipita. Zilikuwa nzuri, hakuna aliyejali. Kisha taa ikamulika geti, na Mama Winifred akatoka pembeni. Mshanana wa kijani, kichwa juu, jiwe mkononi. Ukumbi ukalipuka.

Nikaenda kwenye kipaza sauti na kutimiza ahadi. Nikasema huyu hakuja kutuzima. Nikasema mvua ilikuwa inatoka Masoro, nguo zilikuwa kambani, na alikuja kutuambia tuanue. Nikasema tulimsingizia. Nilitegemea huzuni kidogo, labda minong'ono ya watu waliovunjiwa sanamu yao. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu akapiga kelele, "Anueni nguo!" na ukumbi mzima ukaitikia. Uongo wa Armel uliwafanya waupende wimbo. Ukweli wangu ukawafanya wauabudu. Ikirezi alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, lakini safari hii alikuwa anamcheka Armel.

Tukaanza. Ngo. Ngo. Ngo-ngo. Lazima niseme ukweli: mwanamke yule alizaliwa kwa ajili ya jukwaa. Anagonga, anatega sikio kwenye chuma, na watu elfu moja wanaacha kupumua pamoja naye. Ubeti wa kwanza ukapita ndani ya kelele kama kawaida. Jogoo wangu akaenda kwa wakili na hakuna aliyemwona.

Shida ilikuwa sifa. Tulipoingia ubeti wa pili, akina mama walisimama wote pamoja na kupiga vigelegele. Mama Winifred akasikia. Katika mazoezi hapakuwa na vigelegele. Akageuza uso kuwaelekea, akatabasamu, na jiwe likabaki hewani.

Kellen akaona jiwe limesimama. Akanyamaza papo hapo, kama alivyotufundisha. Armel akafunika nyuzi kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilikuwa ndani ya mshororo wangu bora, kwa sauti yangu yote, kwenye kipaza sauti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, na ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

"JIRANI KAMA MNYAMA, SIKIO LAKE NI KALI!"

Nikafumbua macho.

Nilikuwa nimetamani kimya kile tangu nilipoanza kuhesabu mizani kwa vidole. Kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokiota. Ungeweza kusikia mawe yakijipanga kwenye ndoo ya Kenny. Kwetu, kumwita mtu mnyama si mzaha wa kijiweni. Ni jambo ambalo wazee wa familia mbili wanaweza kukaa kwa ajili yake. Na nimelisema kwa mama mwenye mvi, mbele ya kikundi chake cha kanisa, dakika chache baada ya kumwomba radhi.

Mama Winifred akashusha jiwe. Akaja taratibu mpaka kwenye kipaza sauti changu.

"Rudia," alisema.

"Mama..."

"Lile ndilo gitaa?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Uuuu!" Nilimtafuta Armel, Armel alikuwa anakaza nyuzi ambazo hazikulegea. Nilimtafuta Kellen, Kellen alikuwa amekunja mikono na vijiti vyake, ananitazama kama mtu anayetazama mechi aliyokwisha kubashiri matokeo.

"Haya," Mama Winifred alisema, na sauti yake ikajaza ukumbi bila haraka. "Mimi ni mnyama. Nimesikia. Mnyama gani?"

"Mnyama gani?" Ikirezi akadakia kutoka kiti cha mbele.

"Mnyama gani! Mnyama gani!" Sasa walikuwa wote, wakipiga makofi kwa mpangilio, vijana na akina mama, na hakukuwa na geti tena, kulikuwa na mimi tu. Kichwani mlikuwa mtupu. Vina vyote vilikuwa vimekimbia. Mtu anayejiita mshairi alikuwa amesimama kama mzigo usio na mwenyewe pale Rusumo.

Kisha mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Inyambo!"

Wewe ambaye si wa hapa, nikueleze. Inyambo ni ng'ombe wa wafalme, wale wenye pembe ndefu kama upinde, waliofundishwa kutembea kwa madaha na kuvishwa shanga. Mpaka leo kwenye mahari huletwa mtu maalumu wa kuwasifu, ng'ombe mmoja mmoja, kwa jina lake na nasaba yake. Mwanamke akifananishwa na inyambo, baba yake anaweza kukununulia kinywaji.

Ukumbi ulinguruma kuliko radi yoyote niliyoiandika. Akina mama walinyanyua mikono juu, imepinda kama pembe, wakaanza kucheza kwa madaha mbele ya viti. Vijana waliovaa nyeusi, ambao tangu jioni walikuwa wamenyanyua vidole viwili vya roki, wakaviteremsha, wakanyanyua mikono miwili. Watu elfu moja wenye pembe. Mama Winifred akarudi kwenye geti na kuligonga kama anayetaka kulimaliza, Kellen akaingia, Armel akaingia, nami nikauimba ule mshororo tena na tena kwa sababu hawakuniruhusu niuache. Mshororo mkali kuliko yote niliyowahi kuandika, nilioutunga kwa chuki safi, ukawa sifa ya harusini. Kijana mmoja wa mbele alikuwa analia. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba hakujua roki inaweza kuwaheshimu wazazi hivi.

Wimbo ulipoisha, Mama Winifred alinisogelea, akaweka kiganja juu ya kipaza sauti.

"Umejiokoa vizuri," alisema taratibu. "Lakini uliyemwandika hakuwa na pembe."

"Hakuwa nazo, mama."

"Alikuwa nani?"

Makofi yalikuwa yanaendelea. Ningeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa umeanza kunizoea. "Mbwa, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyekuta ndani ya boksi kile alichokitegemea. "Ungesema fisi, ningekupiga na hili jiwe." Akaondoa kiganja chake kwenye kipaza sauti na kuwageukia watu, nao wakanyamaza kabla hajainua mkono.

"Watu wangu," alisema, "mimi nimekulia Karagwe, lakini baba yangu alitufundisha ya kwetu. Inyambo hatajwi mbele ya watu halafu akaachwa hivihivi. Ukimtaja, unampa jina lake, unasema sifa zake, unasema mama yake alikuwa nani. Mtu akitaja inyambo akaishia hapo, tunamwitaje?"

"Mwizi!" akina mama waliitikia.

"Huyu kijana anasema yeye anaandika maneno. Mimi nimeyasikia, yapo. Ninyi hamjayasikia kwa sababu ya hizi kelele." Akaelekeza jiwe kwa Kellen na Armel, kisha kwa geti, pasipo upendeleo. "Sasa sifa zangu ziko wapi, Gakwaya?"

Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutajwa kwenye kipaza sauti. Kenny alikuwa pembeni akigonga saa yake. Kibali kilikuwa kinakaribia kwisha. Watu wote walikuwa wananitazama mdomoni.

"Sina hapa, mama," nilisema. "Zinahitaji kazi."

"Zinahitaji kazi gani? Kunitukana kulihitaji kazi?"

"Usiku mmoja."

"Basi." Akasubiri. Anajua kusubiri, mama yule. Sijaona mtu anayejua kama yeye. Ikirezi alikuwa ameanza kugonga mkoba wake kwa kidole, polepole.

Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mama Winifred Mukagasana," nilisema, "mbele ya hawa wote nakuahidi: kesho baada ya ibada nitakuja kwenye kikundi chenu na beti nne zenye jina lako, jina la mama yako na Rusumo yako yote, kwa mizani na vina kamili, na nitazisoma nikiwa nimesimama peke yangu, bila ngoma, bila gitaa na bila geti, mpaka ninyi wenyewe mseme nikae."